MOMBO–LUSHOTO: BARABARA IPANULIWE, LAKINI NANI KAMFUATA NANI?

Ukishaiacha barabara kuu ya Segera–Same pale Mombo, mlima haujali haraka zako. Zinakuja kilomita zaidi ya 30 za kona juu ya kona, ukuta wa mwamba mkono mmoja, bonde mkono wa pili. Unapanda kama mita 1,000 kutoka joto la Mombo mpaka baridi ya Lushoto. Fuso la kabichi likikutana na basi kwenye kona mbaya, mmoja lazima arudi nyuma. Konda anaruka chini, anaanza: "Njoo, njoo, kata kulia, simama hapo hapo!" Abiria wa dirishani wanachungulia bonde na kimya kinatanda ndani ya gari.

Watu wa mjini wanaijua barabara hii kwa picha. Kuna yule dada wa Dar ambaye kila mwisho wa mwaka anapandisha na marafiki zake, anapiga picha Irente huku mbuga ya Mazinde ikionekana chini kama ramani, halafu anaandika kwamba Lushoto ni peponi ila barabara ni jehanamu. Kuna kaka mwenye gari la chini lililopakwa rangi juzi, aliyekwaruzwa na Coaster karibu na Soni, na tangu hapo anasimulia kama mtu aliyerudi vitani. Kila akisimulia, anamalizia na kauli ileile: hii barabara ipanuliwe, tena fasta!

Wala hawajakosea. Wenyeji ndio wanaolia zaidi. Mkulima wa viazi, karoti na hoho anajua kwamba gari likikwama njiani usiku mmoja, mzigo unafika soko la Ilala umenyauka na bei imeshuka. Mama mjamzito aliyepewa rufaa kwenda Bombo, Tanga, anazipita kona zilezile ambazo yule dada alizipita akicheka. Masika yakichachamaa, udongo na mawe yakiporomoka, mji mzima unakaa kusubiri tingatinga. Kwa hiyo anayesema Lushoto haihitaji barabara bora huyo haishi Lushoto.

Ishu iko kwingine. Barabara haipanuki hewani. Inapanuka kwa kula kitu, na kabla haijaanza kula, kuna swali moja ambalo maofisa wa barabara nchini hulipenda mno: je, wewe uliifuata barabara, au barabara ilikufuata wewe?

Swali hilo si utani, ndilo linaloamua kama mtu analipwa au haambulii kitu. Kwa sheria za zamani zilizotoka enzi za Mwingereza, hifadhi ya barabara kuu nyingi ilikuwa mita 22.5 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Ikaja Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, ikasogeza mpaka kuwa mita 30 kila upande. Jumla ni mita 60, karibu upana wa uwanja wa mpira. Aliyejenga ndani ya zile mita 22.5 anahesabiwa kuwa ameifuata barabara, anapigwa X nyekundu, anaambiwa avunje kwa gharama zake. Aliye kwenye zile mita 7.5 zilizoongezwa, na alikuwapo kabla ya sheria mpya, huyo barabara imemfuata. Anapigwa X ya kijani, na atalipwa siku eneo lake litakapohitajika.

Siku hiyo ni lini? Hapo ndo pagumu. X ya kijani inaweza kukaa ukutani miaka na miaka. Mtoto anazaliwa anaikuta, anaanza darasa la kwanza, bado ipo. Mwenye nyumba anaogopa kuongeza chumba. Benki ikiiona X, mkopo unaota mbawa. Mnunuzi akija, anaangalia ukuta, anaaga kwa adabu, harudi tena. Nyumba haijavunjwa, lakini imeshakufa kibiashara, na kwa kifo hicho hakuna aliyelipwa hata senti.

Huko tambarare, swali la nani kamfuata nani lina mantiki yake. Chalinze au Korogwe, mtu akiambiwa asogee mita 30, nyuma yake kuna ardhi nyingine sawa na ile aliyoiacha. Usambara si hivyo. Mlimani sehemu tambarare ni chache kama meno ya mtoto mchanga. Enzi za Mjerumani, Lushoto ikiitwa Wilhelmstal, barabara ya kupanda kutoka Mombo ilipitishwa pale ambapo gari la kukokotwa lingeweza kupita, yaani palepale ambapo nyumba ingeweza kusimama. Barabara ikachukua ukanda wa kukalika, watu wakabaki kubanana pembeni yake. Ukimwambia mtu wa pale Soni arudi nyuma mita 30, nyuma kwake ni mto, au ni jabali, au ni shamba la jirani lenye mteremko ambao hata mbuzi anaushuka kwa tahadhari.

Kwa mtu kama huyo, kusema "uliifuata barabara" ni kumwambia samaki kwamba aliyafuata maji.

Kuna waliokwisha kuonja dawa hii, na si zamani. Mwaka 2017 ilikuwa zamu ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara jijini Dar es Salaam kuelekea Kiluvya, kupisha upanuzi wa njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2. Pale hifadhi haikuhesabiwa kwa mita 30. Ilihesabiwa mita 121.5 kila upande. Zaidi ya nyumba elfu moja zikaenda chini, pamoja na maduka, vituo vya mafuta na nyumba za ibada. Watu walikuwa na umeme wa shirika la umma ndani, maji ya mamlaka ya umma bombani, na risiti za kodi ya majengo kabatini. Wengine walikuwa wameishi pale miongo. Jibu likawa lilelile: mliifuata barabara.

Kilichoshangaza wengi ni kwamba hata serikali yenyewe ilikuwa imeifuata barabara. Novemba 2017, Rais Magufuli alisimama Ubungo akaagiza jengo la TANESCO na la Wizara ya Maji yawekewe X, kwa sababu yalikuwa ndani ya hifadhi. Watu walishangilia: sheria haina macho! Lakini fikiria vizuri. TANESCO ikibomolewa ukuta, mfanyakazi wake anahamia ofisi nyingine na mshahara unaingia tarehe ileile. Mama mwenye vyumba vitatu vya kupangisha Kimara akibomolewa, ndo pensheni yake imebomolewa. X ni ileile, maumivu ni mbingu na ardhi.

Leo barabara ile ni nzuri, inapitika, nani atabisha? Lakini uzuri wa lami haufuti swali la aliyelipia lami hiyo ni nani. Serikali ililipa mkandarasi. Aliyekuwa pembeni akalipa kwa nyumba.

Sasa ipandishe hadithi hiyo mlimani. Mchukue mama mmoja wa Soni, wale wanaopanga plamsi, mapeasi na mafyulisi kwenye ndoo ndogo kando ya barabara. Gari linapunguza mwendo kwenye kona, yeye ameshafika dirishani na ndoo yake. Hana fremu, hana hati, hana ukuta wa kupakwa X. Mtaji wake mkubwa ni ile kona. Gari likipunguza mwendo, anauza. Kona ikinyooshwa gari lipite kwa kasi, ameuawa kibiashara bila hata tofali moja kuguswa.

Sheria inasemaje juu yake? Kwenye karatasi, fidia ya Tanzania si mbaya hata kidogo. Katiba ibara ya 24 inakataza mtu kunyang'anywa mali bila fidia inayostahili. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinaorodhesha: thamani ya ardhi kwa bei ya soko, posho ya usumbufu, usafiri wa tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, kodi ya nyumba ya miezi 36 kwa anayepoteza makazi, na faida halisi ya mwezi mara miezi 36 kwa anayepoteza biashara. Tena fidia ikichelewa kupita miezi sita, inatakiwa kuanza kuzaa riba.

Piga hesabu. Duka linaloingiza faida halisi ya 200,000 kwa mwezi, mara 36, ni 7,200,000. Ni pesa ya kuanza upya mahali pengine. Lakini ili uipate, unatakiwa uonyeshe vitabu vya biashara, na ikibidi hesabu zilizokaguliwa. Nani anamkagulia hesabu mama wa plamsi? Mkaguzi wake ni yeye mwenyewe jioni, akihesabu noti zilizofungwa kwenye pindo la khanga.

Kijana fundi simu aliyepanga kibanda cha mbao pembeni yake hali yake ni ngumu vilevile. Jina linaloandikwa kwenye fomu ya uthamini mara nyingi ni la mwenye jengo. Mwenye jengo akilipwa, ananunua bati kwingine. Fundi anabaki na bisibisi zake na wateja wasiojua amehamia wapi.

Watasema haiwezekani kumjua kila mchuuzi wa pembeni ya barabara. Hilo ni gumu kuliamini. Desemba 2018 serikali hiihii iligawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo nchi nzima kwa shilingi 20,000 kila kimoja. Wakuu wa wilaya na watendaji wa kata walishuka mpaka vichochoroni kumtafuta muuza ndizi na muuza mchicha. Kama mama wa kona aliweza kuonekana siku ya kutoa 20,000, anaweza kuonekana siku ya kupokea. Mwenyekiti wa kijiji anamjua, mtendaji anamjua, madereva wa Noah wote wanamjua kwa jina. Ushahidi upo, kinachokosekana ni fomu yenye nafasi ya kuuandika.

Kuna mtu wa tatu, na huyu ndiye wa mlimani hasa. Nyumba yake iko juu, mbali na barabara, labda mita 50 au zaidi. Hajaifuata barabara, wala barabara haijamfuata. Hana X nyekundu, hana X ya kijani. Analala usingizi wake vizuri. Huku chini tingatinga linakata mguu wa mlima ili njia ipate upana. Udongo uliokuwa umeegemea mguu ule sasa umeegemea hewa. Masika ya kwanza maji yanaingia, ufa unatokea kwenye migomba, masika ya pili ufa umefika jikoni. Akienda kulalamika ataambiwa nyumba yake haimo kwenye mradi.

Hiyo si hadithi ya kutisha watoto. Ndivyo mteremko unavyofanya kazi: ukiukata chini bila kuujengea ukuta wa kuzuia na mitaro ya kupeleka maji panapostahili, utashuka wenyewe kukufuata. Na udongo ukishuka, barabara iliyopanuliwa kwa mabilioni inafungwa na kifusi chake chenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee, na wa Usambara wanaujua msemo huu kwa macho.

Wanaujua pia ule ugonjwa wa vipimo vinavyopanda mlima bila kuuliza. Miaka ya 1940 na 1950 utawala wa Mwingereza ulileta mradi wa kuzuia mmomonyoko, ukaanzia Mlalo, ukalazimisha wakulima kuchimba matuta mashambani. Lengo halikuwa baya, udongo kweli ulikuwa unaondoka. Lakini amri ilishuka kutoka juu, kazi ikaangukia kwa wanawake kuliko wote, na mashamba hayakuwa sawa. Wakulima waligoma, siasa ikaingia, na mwisho mradi ukatupwa. Jambo zuri likafa kwa sababu aliyelibeba hakuulizwa.

Haki ya upande wa pili nayo isemwe. Kuna wajanja. Kuna mtu anasikia tetesi za upanuzi, wiki inayofuata kamwaga msingi ndani ya hifadhi ili aje kudai. Kuna mwenye hela zake mjini anayejenga hoteli akijua kabisa mpaka uko wapi, akitegemea simu ya mkubwa fulani. Kila mmoja wa hao akilipwa, fedha ya barabara itaishia mifukoni, na lami haitafika popote. Mlipakodi wa Masasi hana sababu ya kumlipia mtu ujanja wake wa Lushoto. Ukuta uliojengwa ndani ya mita 22.5 kwa makusudi, sheria ikiwepo na jiwe la mpaka likionekana, usilipwe. Hapo hakuna ubishi.

Lakini kumnyima mjanja fidia ya ukuta hakumzuii mtu yeyote kumtafutia mama wa kona pa kuuzia. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakofanya kila upanuzi nchini uonekane kama adhabu. Fidia inalipia mali. Riziki inahitaji mahali. Soni pakijengwa sehemu ya magari kuegesha, yenye paa, choo na meza, kabla ya tingatinga la kwanza kuwasha moto, yule mama hatahitaji hesabu zilizokaguliwa. Gari litasimama kwa usalama, dada wa Dar atanunua plamsi bila kuziba njia, na Fuso litapita.

Wala si lazima kila mita ya mlima ipanuliwe. Barabara ya mlimani inakwama zaidi kwenye kona na kwenye maeneo ambayo magari mawili hayapishani. Anzia hapo. Kona mbaya zifunguliwe, sehemu za kupishana ziwekwe, kuta na mitaro ijengwe kwanza, mapambo baadaye. Halafu ile njia ya Dochi–Ngulwi–Mombo, inayotajwa kila mara kama mbadala, ipewe uzito wake. Mlima wenye njia mbili zinazopitika hautahitaji njia moja pana inayokula mji. Siku kifusi kikishuka upande mmoja, mgonjwa atapita upande wa pili.

Kwa watakaoguswa, utaratibu uwe mmoja tu: hela kwanza, X baadaye. Rangi ikipakwa, iwe na tarehe ya kulipa kando yake. Tarehe ikipita bila malipo, rangi ifutwe, mtu aendelee na maisha yake na chumba chake cha nyongeza. Nyumba za juu zikaguliwe na wahandisi kabla mlima haujakatwa, picha zipigwe, wenye nyumba wapewe nakala, ili ufa ukitokea kusiwe na kubishana ulikuwapo au haukuwapo.

Inachekesha kidogo kwamba yote haya yanajadiliwa Lushoto, mji wenye Chuo cha Uongozi wa Mahakama. Vijana wanapanda barabara hii kutoka kila kona ya nchi kwenda kusomea haki, wakinunua matunda Soni njiani. Pengine darasa lao la kwanza liko palepale dirishani, kwenye ndoo ya mapeasi: huyu mama akiondolewa hapa, sheria inamwita nani?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Barabara pana italeta wageni, italeta hoteli, italeta video nyingi zaidi za Irente. Itashusha nauli na kupandisha bei ya kabichi shambani. Yote hayo ni mema na Lushoto inayastahili. Ila mwenyeji anayetakiwa kupona ni pamoja na yule wa kwenye kona, yule wa kibanda cha simu, na yule wa juu ya mlima asiye na X yoyote. Hao ukiwauliza nani kamfuata nani, watakujibu kwa upole wa Kisambaa kwamba mlima ulikuwepo kabla ya wote, na hakuna aliyewahi kuuhamisha.

Haya wadau, mliokwisha kupigwa X, nyekundu au kijani, Kimara au popote pale: ilichukua muda gani mpaka mkalipwa, na biashara yenu iko wapi leo?